Daftari la chakula na fedha: mwongozo kwa kikundi cha akina mama kinachotaka kukabili unene

Mwongozo huu nimewaandikia wanawake wenzangu wa Busia, upande wa Uganda, na wa miji mingine yetu ambako Kiswahili kinasikika sokoni na mpakani, ambao uzito wao umepanda miaka hii ilhali kipato chao kimebaki palepale au kimeshuka. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na kazi yangu ni kuandika. Katika miaka ya kuandika hisa, mikopo na marejesho ya wenzangu nimeona jambo moja likijirudia: mama anapoanza kuyumba kifedha, chakula chake hubadilika mapema kuliko rejesho lake, na miezi kadhaa baadaye mwili wake nao hubadilika. Kwa sababu hiyo naamini kwamba mwanamke mwenye kipato kidogo anayetaka kupunguza uzito hana budi kuanza na daftari la matumizi, kwa kuwa humo ndimo inamoonekana sababu ya yeye kula anachokula, na humo ndimo zinamopatikana fedha za kula kitu kingine.

Mambo ya kufahamu kabla ya kuanza

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba unene ni ugonjwa wa matajiri, na takwimu za nchi hazijalikanusha jambo hilo moja kwa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 24 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza, kutoka asilimia 19 mwaka 2011, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 9. Na wanawake wa mijini na wa kaya zenye uwezo ndio waliokuwa wengi katika hesabu hiyo. Hata hivyo, hali hiyo haikai mahali pamoja. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Carlos Monteiro wa Brazil walilinganisha nchi nyingi zinazoendelea, wakaonyesha kwamba pato la nchi kwa kila mtu linapokaribia dola 2,500 za Marekani kwa mwaka, unene wa wanawake huanza kuwahama walio nacho na kuwaelekea wasio nacho. Uganda imeshapita dola 1,000, kwa hiyo njia hiyo tumeshaianza, na aishiye mjini haoni ajabu akimkuta muuza nyanya mwenye shinikizo la damu.

Mwisho wa njia hiyo unaonekana Marekani. Takwimu za afya za huko za miaka 2005 hadi 2008 zilionyesha kwamba asilimia 42 ya wanawake wa kipato cha chini kabisa walikuwa na unene uliopitiliza, huku wanawake wa kipato cha juu wakiwa asilimia 29, na kwa wanaume mpangilio huo haukuonekana. Nao Kate Pickett na Richard Wilkinson, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2005 ulinganisho wa nchi tajiri 21 uliokuta kwamba pale ambapo pengo la kipato kati ya watu ni pana zaidi, unene nao ni mwingi zaidi. Maana yake kwetu ni kwamba haitoshi kuuliza nchi ina fedha kiasi gani. Yafaa kuuliza fedha hizo zimegawanyika vipi kati ya mwanamke anayeishi nyumba ya ghorofa Kololo, mtaa wa matajiri jijini Kampala, na mwanamke anayelala nyuma ya kibanda chake Katwe, mtaa wa maskini wa jiji hilohilo, kwa sababu duka linalowauzia soda ni la aina moja, lakini muda, maji safi, nafasi ya kutembea na bei ya tunda haviko sawa kwao.

Njia ambazo umaskini hupitia hadi ukafika kiunoni ni nyingi, ila tatu ndizo ninazoziona kila siku. Ya kwanza ni kipato cha kudunduliza. Anayepata fedha kila jioni hununua kila jioni: mafuta ya kupimiwa ndani ya mfuko wa plastiki uitwao kavera, sukari ya kufungiwa kidogo, au chapati mbili zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, yaani kikomando, kwa kuwa hana akiba ya kununua lita nzima, sembuse gunia. Chakula hicho humshibisha kwa bei ndogo, lakini sehemu kubwa ya shibe hiyo ni unga mweupe na mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 pale ambapo gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Fedha zikipungua, vinavyoachwa kwanza ni samaki, mayai na matunda. Sukari na mafuta huachwa mwisho.

Ya pili ni muda. Mama muuza sokoni huamka saa kumi alfajiri, hukaa juu ya kigoda hadi magharibi, hurudi kupika, na hula baada ya mume na watoto, pengine saa tatu au saa nne usiku, akiwa amebeba njaa ya mchana kutwa. Mtu anayelala kwa muda wa saa tano tu, tena kila usiku, huamka na hamu ya kula iliyozidi, na kinachokuwa karibu naye wakati huo ni chai ya sukari na mandazi. Ya tatu huanza kabla hata hatujazaliwa: mtoto aliyepungukiwa na chakula tumboni na katika miaka 2 ya mwanzo hukua na mwili unaoelekea zaidi kuhifadhi mafuta pindi chakula cha nguvu kinapopatikana. Uchunguzi ule wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Ndiyo sababu si ajabu kumkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa katika nyumba moja, wakiwa wamefikishwa hapo na sahani ileile.

Kanuni za kikao cha kwanza

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika zahanati moja nikiwa na maumivu ya magoti. Nilipandishwa juu ya mizani mbele ya foleni nzima, uzito wangu ukasomwa kwa sauti, nikaambiwa nipunguze kula. Hakuna aliyeniuliza siku hiyo nilikuwa nimekula nini. Nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha chai tangu alfajiri. Sikurudi kupimwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na katika mwaka huo shinikizo langu la damu lilipanda bila mimi kujua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kikundi chetu, ambayo nawasihi muichukue kama ilivyo, ni kwamba vipimo vya mtu ni siri yake na ya mpimaji aliyemchagua, wala havitangazwi, havilinganishwi, na havitolewi zawadi.

Kanuni ya pili ni kusikilizana kuhusu heshima ya mwili. Katika koo nyingi za kwetu mwanamke mwenye mwili alihesabiwa kuwa ametunzwa, na kule Ankole bibi harusi wa Kihima alinyweshwa maziwa kwa miezi ili anenepe kabla ya kukabidhiwa kwa mumewe. Isitoshe, ipo kumbukumbu chungu zaidi. Ukimwi ulipoingia wilaya ya Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliupa jina la «Slim», kwa sababu wagonjwa walikonda hadi kufa, na mpaka leo mwanamke anayepungua mwili huulizwa maswali nyuma ya mgongo wake. Mwenzenu akisema anaogopa kupungua kwa sababu ya maneno ya majirani, msimcheke wala msimhubirie. Ana haki ya kuogopa. Mwambieni kwamba kikundi hakilengi kumkondesha, na kwamba kupungua kwa kilo 4 au 5 kwa mtu mwenye kilo 90 hakuonekani sana usoni, lakini kunatosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa kiasi cha maana.

Wako pia wale ambao unene wao una mkono wa dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi iitwayo dolutegravir, ambayo Uganda ilianza kuitumia kwa wengi kuanzia mwaka 2018, nayo imeonekana kuwaongezea uzito wanawake kuliko wanaume. Mwanachama wa namna hiyo aelekezwe kwa mhudumu wake wa afya, na asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya uzito.

Kujipima kwa uzi

Mizani ni ghali, na mizani ya dukani mara nyingi hudanganya, lakini kipimo kizuri kuliko vyote kwa kikundi maskini hakigharimu kitu. Chukueni uzi wa katani au kamba nyembamba isiyovutika. Mwenzako akukanyagie ncha moja kisiginoni ukiwa umesimama wima bila viatu, avute hadi utosini, akate hapo. Huo ndio urefu wako. Ukunje uzi huo katikati, kisha uuzungushe kiunoni juu ya ngozi au juu ya nguo nyepesi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni habari njema. Zisipokutana, pimeni nafasi iliyobaki kwa vidole, mwandike vidole vingapi na tarehe. Katika kikao chetu cha kwanza uzi wangu ulibakiza vidole vinne. Niliufunga fundo na kuuweka ndani ya jalada la daftari, na bado uko humo.

Mwenye futi ya fundi cherehani aitumie: kwa mwanamke, kiuno kinachovuka sentimita 80 ni dalili ya hatari kuongezeka, na kikivuka 88 hatari ni kubwa. Anayepata mizani ya kuaminika kwenye kituo cha afya agawanye kilo zake kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 70 mwenye urefu wa mita 1.60 atagawanya 70 kwa 2.56 na kupata 27.3, kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 huitwa unene uliopitiliza. Mjamzito hapimwi kwa njia hizi, na wala hapunguzi chakula.

Kushika daftari kwa siku 14

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa mtumie muda mwingi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Nunueni daftari la kawaida la shule la kila mwanachama, mchore mistari ili ukurasa mmoja uwe siku moja, na muweke sehemu za saa, nilichokula au kunywa, bei yake, nimekinunua wapi, na nilikuwa na njaa kiasi gani. Chini ya ukurasa mwanachama aandike fedha zilizoingia siku hiyo, deni alilolipa na deni alilochukua. Asiyejua kuandika achore: duara kwa chapati, mstari kwa kikombe cha chai, nukta kwa kila kijiko cha sukari ndani ya kikombe hicho, binti yake au mwenzake atamsaidia upande wa fedha. Siku 14 zinatosha kwa sababu zinagusa siku za gulio na siku kavu, wiki ya ada ya shule na wiki isiyo na ada.

Yafaa kuandika palepale, kabla ya kumaliza kula. Anayeandika usiku husahau kipande cha muhogo wa kukaanga alichoonjeshwa na jirani, na posho, yaani ugali, aliyoimalizia kwenye sahani ya mtoto. Naye aandike ukweli bila kujipunguzia, kwa maana daftari hili halisahihishwi na mwalimu.

Nitawaonyesha ukurasa mmoja wa mama wa kikundi chetu anayeuza nguo za mitumba, kwa idhini yake. Ilikuwa siku ya Jumanne, siku kavu. Saa kumi na mbili asubuhi aliandika chai, vijiko vinne vya sukari, bila kitu kingine, njaa kidogo. Saa tano aliandika chai tena, vijiko vinne, na mandazi mawili. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni hakuna kitu, ila neno moja alilolipigia mstari: mkopo, kwa sababu mtu wa kukusanya marejesho alikuwa amefika. Saa kumi alinunua soda ya chupa ndogo, na pembeni akaandika kwamba aliinunua kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamzunguka na soda ilikuwa karibu kuliko chakula. Saa tatu na nusu usiku alikula posho sahani iliyojaa, mchuzi wa mafuta, na mabaki ya wali wa mtoto. Njaa kubwa sana. Aliposoma ukurasa ule kwa sauti alisema kwamba siku zote alidhani yeye ni mtu wa kula sana, kumbe ni mtu wa kukaa na njaa kwa muda wa saa kumi, kisha kula mara moja.

Kulisoma daftari kwa pamoja

Baada ya siku 14, kaeni wawili wawili na kila mtu ajumlishe vitu vitatu tu. Kwanza, vijiko vya sukari kwa siku. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4, na soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko saba au vinane. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ni heri zaidi isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita. Mama wa Jumanne ile alikuwa na vijiko vinane vya chai, saba au zaidi vya soda, na vile vilivyofichwa ndani ya mandazi.

Pili, mafuta ya nyumba. Huwezi kuhesabu matone yaliyoingia sahanini mwako, kwa hiyo hesabu chombo: andika siku mafuta yalipofunguliwa na siku yalipokwisha. Tuseme nyumba ya watu 6 humaliza lita 1 kwa siku 5. Hiyo ni mililita 200 kwa siku, na kwa kila mtu ni takriban mililita 33, zaidi ya vijiko viwili vya mezani, zinazobeba karibu kilokalori 270 kabla ya kuhesabu chapati ya barabarani. Tatu, saa nyingi zaidi alizokaa bila chakula wakati wa mchana. Kwa uzoefu wa kikundi chetu, namba hii ya tatu ndiyo iliyoeleza mengi, kwa sababu ukubwa wa sahani ya usiku ulifuata urefu wa njaa ya mchana karibu kila ukurasa.

Halafu geuzeni macho upande wa fedha. Kila mtu ajumlishe alichotumia kwa chai, sukari, soda na vitu vya kukaanga katika siku hizo 14. Msimlaumu mtu kwa jumla hiyo. Iandikeni tu kwenye ukurasa wa mwisho, kwa maana ndiyo bajeti mtakayoanza nayo, na hakuna shilingi nyingine itakayoongezwa juu yake.

Kubadilisha manunuzi bila kuongeza fedha

Ushauri wa kula mboga na maharage mnausikia kila mahali, na anayeutoa mara nyingi husahau mkaa. Maharage ni nafuu kwa kilo, lakini yanachemka saa mbili au tatu, na mama anayenunua mkaa wa kopo hupiga hesabu na kuona kwamba chapati iliyokwisha kupikwa ni nafuu kuliko moto. Hesabu yake ni sahihi akiwa peke yake. Ndiyo maana mabadiliko ya kwanza yafanywe kwa pamoja: wanachama watano au sita wanaouza karibu wachange fedha zao za vitafunio vya wiki, wanunue maharage kwa kilo nyingi wakati wa mavuno, wayaloweke usiku kucha, na mmoja wao kwa zamu apike sufuria moja kubwa. Yakishachemka vizuri kwa nusu saa, sufuria iliyofunikwa huwekwa ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na matambara mazito, likafungwa barabara; joto lililomo huendelea kuivisha bila mkaa. Kabla ya kula yarudishwe motoni yachemke tena. Kwa mpango huo kila mmoja hupata bakuli la maharage na mboga za majani kama dodo au nakati saa sita mchana, palepale kwenye meza yake ya biashara, na ile njaa ya mchana kutwa haipo tena kumngojea jioni.

Kwa wanaouza mbali na wenzao, viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha wa jana usiku pamoja na kifungu cha karanga hufaa kubebwa, na mukene, yaani dagaa wa kukaushwa, hutoa protini kwa fedha kidogo kuliko samaki mkubwa. Wapikwe kwa nyanya na kitunguu bila kukaangwa kwanza. Matoke ya kuvukizwa ndani ya majani, kama yalivyopikwa na bibi zetu wa Buganda, hayahitaji mafuta hata tone.

Sukari ipunguzwe polepole, kijiko kimoja kila wiki mbili, kwa kuwa ulimi huzoea. Mafuta yapimwe kwa kijiko na yasimiminwe kutoka kwenye chupa au kavera, na kikundi kinaweza kununua dumu moja na kugawana kwa kipimo, ambapo kila mtu hupata mafuta kwa bei ya jumla na wakati huohuo anajua kiasi chake cha wiki. Kuhusu soda sina maneno mengi: bebeni maji yaliyochemshwa. Ila nitasema hili, kwamba wanawake wengi sokoni hawanywi maji kwa sababu choo ni cha kulipia au ni kichafu, na jambo hilo halirekebishwi na mtu mmoja kwa kujinyima. Kikundi kiliandike katika barua kwa uongozi wa soko na kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa, pamoja na ombi la taa za barabarani, kisha nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibandikwe ndani ya daftari.

Taa nimezitaja kwa sababu ya kutembea. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, ndizo zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa uchache, ni sawa na kutembea kwenda na kurudi sokoni siku tano kwa dakika 15 kila upande, na nauli ya boda boda inayobaki ni fedha ya mayai. Anayelima kutwa ameshazitimiza. Wa mjini warudi kwa makundi, wakiwa na tochi, kwa njia moja na kwa saa moja.

Kituo cha afya

Tangu mwaka 2001 huduma katika vituo vya serikali hazitozwi ada, kwa hiyo kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu hakugharimu zaidi ya muda wenu. Nendeni watatu au wanne pamoja, siku isiyo ya gulio. Shinikizo linalofika 140 juu au 90 chini katika vipimo vya siku tofauti linahitaji matibabu, hata kama mtu hajisikii vibaya. Mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara nyingi usiku, au mwenye kidonda kisichopona apimwe sukari bila kungoja siku ya kikundi. Uzito na dawa vijadiliwe na mhudumu, na vidonge vya kupunguza mwili vinavyotembezwa barabarani visinunuliwe kabisa.

Kulipeleka daftari kwa mtoa mkopo

Jambo la mwisho linahusu fedha moja kwa moja, nami nililijua kwa kuchelewa. Mtafiti aitwaye Elisa Macchi alifanya majaribio na maofisa wa mikopo mjini Kampala, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023. Maofisa walionyeshwa maombi ya mkopo yaliyoambatishwa picha za watu wale wale, mara wakionekana wanene, mara wakionekana wembamba. Waliona walio wanene kuwa wanastahili kukopeshwa zaidi, na faida waliyopewa kwa mwili tu ilikaribia faida ambayo mwombaji angepata kwa kutaja kipato kilichoongezeka kwa asilimia 60. Kumbe mwenzetu anayesema kwamba akikonda atadharauliwa benki hasemi upuuzi. Lakini majaribio yaleyale yalionyesha kwamba maofisa walipopewa maelezo zaidi ya fedha za mwombaji, uzito wa mwili katika uamuzi wao ulipungua.

Kwa hiyo anayekwenda kuomba mkopo, uwe wa benki, wa chama cha akiba au wa mfuko wa parokia (hapa parokia ni ngazi ya utawala wa serikali, si ya kanisa) ulioanzishwa na serikali mwaka 2022, apeleke maandishi. Baada ya zile siku 14 aendelee kuandika upande wa fedha, kisha atoe kwenye daftari lake kurasa za miezi 3 za mapato na matumizi, azinakili kwenye karatasi safi kwa jumla ya kila wiki, aondoe sehemu ya chakula kwa kuwa hiyo ni ya kwake, na aambatishe barua ya katibu inayoonyesha hisa zake na marejesho aliyoyamaliza kwa wakati. Mimi huandika barua hizo siku ya kikao, mbele ya mwanachama mwenyewe, na hugonga muhuri wa kikundi juu ya kila jumla. Karatasi hizo ziwekwe mezani kabla ofisa hajauliza swali la kwanza.